Balaamu Hakuwa Nabii wa Uongo

SWALI: Katika kikundi chetu cha kujifunza Biblia, kiongozi aliandika ubaoni kwamba Balaamu mwana wa Beori alikuwa "nabii wa uongo". Mwenzetu mmoja akasimama kumsahihisha, akasema Kiswahili fasaha ni "nabii mwongo". Je, ni lipi sahihi, au yote mawili ni mamoja?

JIBU: Si mamoja, na kwa Balaamu yote mawili hayafai.

Tuanze na sarufi. Ukisema "wa uongo" unakanusha cheo chenyewe, lakini ukisema "mwongo" unakiacha cheo mahali pake na kuilaumu tabia ya mwenye cheo. Daktari wa uongo hakusomea udaktari, ilhali daktari mwongo ameusomea barabara, ila humdanganya mgonjwa. Biblia inao wote wawili. Hanania, aliyeivunja nira shingoni mwa Yeremia na kuahidi kwamba vyombo vya hekalu vingerudi kutoka Babeli katika muda wa miaka 2, hakutumwa na Bwana, kwa hiyo ni nabii wa uongo. Yule nabii mzee wa Betheli katika 1 Wafalme 13, aliyemdanganya mtu wa Mungu mpaka akarudi kula chakula na kisha akauawa na simba, alikuwa nabii kweli. Neno la Bwana lilimjia pale pale mezani, uongo wake ukiwa bado haujapoa. Huyo ndiye nabii mwongo. Kwamba "nabii" ni neno lililotoka katika Kiarabu na "mwongo" ni la Kibantu hakubadilishi chochote hapa.

Linalonikera kwa muda mrefu ni jinsi "nabii wa uongo" lilivyogeuzwa kuwa jina la kila mhubiri asiyependeza. Mpenda fedha ni nabii wa uongo, mzinzi ni nabii wa uongo, mwenye majivuno naye ni nabii wa uongo. Lugha yenye maneno mlaghai, fisadi, mpotovu, mnafiki na mla rushwa haina sababu ya kulitwika neno moja mizigo yote hiyo. Tena matumizi hayo yanaleta madhara, kwa sababu yanamfundisha msikilizaji kipimo kimoja tu: je, aliyosema yalitimia? Yakitimia, mtu huyo anahesabiwa kuwa salama, na sadaka zinamiminika.

Kwa kipimo hicho Balaamu angeshinda. Balaki mwana wa Sipori, mfalme wa Moabu, alimwita kutoka Pethori, karibu na mto Frati, ili aje awalaani Waisraeli waliokuwa wamepiga kambi ng'ambo ya Yordani kuelekea Yeriko, na wajumbe wake wakafika na ujira mikononi. Mara tatu, katika vilele vitatu, zilijengwa madhabahu 7, na kila mara Balaamu alibariki badala ya kulaani. Ni kinywa chake kilichosema, "Mungu si mtu, aseme uongo" (Hesabu 23:19), na ndicho kilichotamka habari za nyota itakayotokea katika Yakobo, maneno ambayo Wakristo wengi wanayasoma kuwa yanamhusu Masihi. Nioneshe uongo uko wapi katika utabiri huo. Hakuna hata sentensi moja.

Ubaya wake ulikuwa mahali pengine. Mungu alikwisha kumwambia waziwazi asiende wala asiwalaani watu hao, kwa maana wamebarikiwa. Wajumbe wenye heshima kubwa zaidi walipokuja, akawaambia walale ili aulize tena, kana kwamba jibu la kwanza halikutosha. Baadaye, aliposhindwa kulaani, akatoa shauri. Hesabu 31:16 inamtaja kuwa ndiye aliyesababisha lile kosa la Peori, ambapo Waisraeli walivutwa na wanawake katika ibada ya Baali, wakafa watu 24,000 kwa pigo. Aliuawa kwa upanga pamoja na wafalme watano wa Midiani.

Waandishi wa Agano Jipya walilielewa jambo hili vizuri kuliko wahubiri wetu. Petro anamwita nabii, bila kuongeza "wa uongo", kisha anataja kosa lake kwa jina: "aliyependa ujira wa udhalimu". Yuda naye anataja ujira. Ufunuo 2:14, katika barua kwa kanisa la Pergamo, unataja "mafundisho ya Balaamu" yaliyowatega watu, na haumshtaki kwa utabiri wowote usiotimia. Hata wafasiri wengi wa Qur'ani wanaomhusisha Bal'am na aya za 175 na 176 za sura ya Al-A'raf wanamwona kuwa mtu aliyepewa ishara kwelikweli, kisha akajivua nazo. Na maandishi yaliyochimbuliwa Deir Alla, Jordan, mwaka 1967, yanamtaja Balaamu mwana wa Beori kuwa mwonaji, kwa hiyo sifa yake ilivuka mipaka ya Israeli.

Basi mwambieni kiongozi wenu aandike "nabii mpotovu". Neno hilo linamfaa kabisa, kwa kuwa linatokana na kupotoka, na Petro anasema watu wa aina hiyo waliiacha njia iliyonyoka. "Nabii wa ujira" pia linafaa, tena lina ladha ya Biblia yenyewe. "Nabii fisadi" nitalipokea, ingawa masikioni mwa wengi linanuka siasa. Kuhusu "nabii wa uongo", najua limekwisha kuzoeleka katika mahubiri ya kila Jumapili, wala sitamkatiza mtu kanisani kwa ajili yake. Lakini likiletwa mbele yangu katika maandishi yanayomhusu Balaamu, nitalifuta kila mara, na mwenzenu aliyependekeza "nabii mwongo" nitamfutia pia, kwa kalamu ile ile.