Fremu ya magurudumu kwa randa ya umeme ya kilo 400

Ndugu, nimekuelewa: karakana yako ni finyu, randa ina uzito wa kilo 400, nawe unataka kuchomelea fremu ya kuisogezea. Tumia chuma cha pembe cha milimita 50 kwa 50, unene milimita 5, kitako cha mashine kikae ndani ya ukingo wake. Magurudumu yafunge kwenye mabawa yaliyotokeza pembeni, si chini ya kitako, kwa sababu kadiri mashine inavyoinuka ndivyo inavyopinduka kwa urahisi. Sakafu ikiwa na mabonde, uzito wote huangukia magurudumu matatu kati ya manne, kwa hiyo chagua yanayobeba angalau kilo 150 kila moja.

Shikiza pembe zote kwa vidoti (nukta fupi za kuchomelea) kwanza, pima mishazari miwili hadi ilingane, ndipo umalizie kwa kubadilisha pande, maana joto huvuta chuma. Breki za magurudumu hazitoshi kabisa kuituliza mashine wakati wa kazi. Chomelea kwenye fremu nati za M16 (za boliti ya kipenyo cha milimita 16) na upitishe boliti zitakazoinua magurudumu kutoka sakafuni wakati wa kazi. Usichomelee chuma kilichopakwa zinki bila kuiondoa kwanza, kwani moshi wake hudhuru. Maungio ya mabawa mwachie fundi mzoefu iwapo hujawahi kuchomelea chuma cha kubeba mzigo.