Mwanangu kamwambia mwenzake "Mrundi, rudi kwenu"

Shikamoo Shangazi. Naishi Mwanga, hapa Kigoma. Kijana wangu ana miaka 6, yuko darasa la kwanza. Juzi mwalimu kaniita: mtoto amekataa kukaa dawati moja na mwenzake, kamwambia, "Mrundi wewe, unanuka, rudi kwenu." Nilitaka kumchapa. Mume wangu anasema ni utoto, tena tukianza kumweleza habari za rangi na makabila ndiyo tutamfundisha ubaguzi. Nifanyeje? Mama K.

Marahaba mwanangu. Fimbo iweke chini. Ukimchapa atajifunza kutolisema neno hilo mbele yako tu, na yule mwenzake ataendelea kulisikia kwenye foleni ya uji.

Mumeo nampinga. Watafiti wameona kwamba mtoto wa miezi 3 tu huzitazama zaidi sura za rangi aliyozoea kuiona. Hiyo si chuki. Lakini nani wa kudharauliwa, hilo hulipata kwetu wakubwa. "Rudi kwenu" hakuitunga mtoto wa miaka 6. Mimi ningeanza kutafuta sebuleni kwako: nani husema "hawa Warundi" kila kuku akipotea? Nani hucheka "mweusi kama Mkongo"? Watoto wakishalala, kaeni wawili mkubaliane kwamba maneno hayo yamekwisha humo ndani.

Kisha mchukue kijana, mkiwa mnachambua dagaa. Usimhutubie. Muulize, "Ulimwambia nini? Yeye akafanyaje?" Halafu nyamaza, umpe nafasi ajibu. Akirudia kwamba ananuka, mwambie waziwazi: "Si kweli, na umemuumiza." Akiuliza mbona fulani ni mweusi sana, usimzibe mdomo kwa aibu. Mjibu kwamba ngozi ya kila mtu ina rangi inayoikinga na jua, wengine wanayo nyingi, wengine kidogo, na tunairithi kwa wazazi.

Mweleze pia kwa nini watu huhama kwao. Nyinyi wakubwa mnakumbuka Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walivyojaa ufukweni Kagunga, kijiji cha mpakani ziwani Tanganyika, meli ya Liemba ikawa inawabeba kuwaleta mjini. Mauaji usimsimulie, ni mdogo mno. Inatosha kusema: "Kwao kulikuwa na hatari, wakapanda meli na watoto wao." Na kama bibi yake ni Muha, mtoto amsikie akizungumza Kiha na jirani Mrundi, wakielewana bila mkalimani. Hapo atajionea mwenyewe.

Jambo moja nakuomba uwe nalo makini. Usimtetee yule mtoto kwa kusema, "Mbona naye kazaliwa hapa hapa, hospitali ya Maweni?" Huenda ni kweli, lakini je, angekuwa kazaliwa Bujumbura, ingekuwa halali kumfukuza kwenye dawati? Kijana wako ajue kwamba hafukuzwi mtu, awe katoka wapi.

Mwombe mwalimu asiwatenganishe. Kumwomba mwenzake radhi, asilazimishwe mbele ya darasa zima, maana hapo wote wawili wataaibika. Afanye hivyo wakiwa wawili, kwa maneno yake mwenyewe. Nanyi nendeni kwa wazazi wa yule mtoto jioni moja, msimtume mtu. Baba K. ndiye atangulie kuzungumza.