Urahisi wake umetoka wapi?

Ndugu Mhariri, assalaam alaykum.

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: lebo (kampuni za kurekodi) za bei nafuu za muziki wa klasiki wa Ulaya, zile ambazo CD yao huuzwa chini ya bei ya makampuni makubwa, zinafaa kununuliwa au ni kutupa pesa? Zinafaa. Kwa anayejifunza fidla, chelo au piano hapa Unguja, naona zinafaa kuliko za bei kubwa. Lakini mnunuzi lazima ajue urahisi ule umetoka wapi, kwa sababu CD haiwi rahisi bure. Ama kuna mtu amelipwa kidogo, ama kuna kitu kimepunguzwa, ama gharama zilikwisha kurudi miaka mingi nyuma. Wakati mwengine kilichopunguzwa wala hukihitaji. Wakati mwengine ni muziki wenyewe.

Tuanze na lebo ya Naxos, maana ndiyo iliyoleta ubishi wote huu. Ilianzishwa 1987 na Klaus Heymann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Hong Kong. Hakwenda kuwatafuta wapigaji wenye majina. Alikwenda Ulaya Mashariki, Bratislava, Budapest na baadaye Katowice, kwenye okestra zenye mafunzo ya kweli lakini zisizojulikana Magharibi, akawalipa mara moja bila mgao wa mauzo. Akaweka na kanuni nyengine: kila kazi irekodiwe mara moja tu, ili lebo isishindane na yenyewe. Kwa hiyo kilichokatwa hapo ni umaarufu na matangazo. Noti hazikukatwa. Mpiga fidla Takako Nishizaki alirekodi «Misimu Minne» ya Vivaldi kwa lebo hiyo mwaka huohuo wa 1987, Jenő Jandó akapiga sonata zote za piano za Beethoven, Kodály Quartet wakamaliza kwateti (kazi za ala nne za nyuzi) zote za Haydn, na Ilya Kaler akarekodi kaprisi 24 za Paganini, vipande vya fidla peke yake, kwa usafi ambao wengi wa bei kubwa hawaufikii.

Lakini si kila CD ya Naxos ni sawa, na sababu yake ni ya hesabu tu. Mpiga piano mmoja au kwateti ya watu wanne hufanya mazoezi nyumbani kwa muda wao. Wakifika studio muziki umeshaiva. Okestra ya watu themanini hufanya mazoezi kwa saa inayolipiwa, na bajeti ikiwa ndogo kinachokatwa kwanza ni hizo saa. Ndiyo maana rekodi za okestra za miaka ya mwanzo, hadi kama 1992, mara nyingi zina nyuzi nyembamba zinazosikika kwa mbali, na ala za kupuliza zinaingia kwa wasiwasi. Za baadaye, hasa za mwongozaji Antoni Wit na okestra ya redio ya Katowice, ni habari nyengine kabisa. Basi za mpigaji mmoja na za kwateti unaweza kununua ukiwa umefumba macho. Za simfoni, geuza kava utazame mwaka wa kurekodiwa.

Brilliant Classics ya Uholanzi ina njia yake. Inauza makasha: Bach wote, Mozart wote, CD mia moja na hamsini na zaidi kwa mkupuo. Sehemu kubwa ni rekodi zilizokodiwa kutoka lebo nyengine, sehemu ni zao wenyewe. Humo mna vito. Simfoni zote za Shostakovich chini ya Rudolf Barshai, CD 11, ni miongoni mwa seti bora kwa bei yoyote, na Barshai alimjua mtunzi mwenyewe. Simfoni za Haydn chini ya Adam Fischer zilitoka kwanza lebo ya Nimbus kwa bei ya juu. Ndizo hizohizo, ila kasha ni la karatasi. Upande wa pili ziko kantata (kazi za kuimbwa pamoja na ala) za Bach alizoongoza Pieter Jan Leusink, karibu mia mbili, zilizorekodiwa kwa kasi kati ya 1999 na 2000. Ala zimepigwa vizuri, lakini kwaya ya wavulana inachoka, na unaisikia ikichoka. Kwa anayetaka kuzijua kantata zote, inatosha. Kwa anayetaka mbili tatu za kusikiliza maisha yake yote, anunue kwengine.

Kasoro kubwa ya makasha haya ni kijitabu. Maneno yanayoimbwa hukatwa mara nyingi, na hapa kwetu, ambako mtu husikiliza taarabu kwa ajili ya shairi kabla ya fidla, sidhani kama nina haja ya kueleza hasara yake. Kwa muziki wa ala, usijali. Kwa opera na kantata, tafuta maneno kwanza, ndipo ununue.

Aina ninayoipenda zaidi ni ile inayosahauliwa: makampuni makubwa kutoa upya rekodi zao za zamani kwa bei ya chini, kama mfululizo wa Eloquence, au Essential Classics ya Sony ambamo George Szell anaongoza okestra ya Cleveland. Gharama zililipwa miaka ya 1950 na 1960, mazoezi yalikuwa ya kutosha, kilichozeeka ni mkanda tu. Ukiona alama ya ADD, maana yake ilirekodiwa kwa mkanda wa analogi, ikachanganywa na kutayarishwa kwa dijitali. Usiikimbie ukadhani DDD, yaani dijitali tangu kurekodiwa, ni bora kwa kuwa ni mpya. Rekodi nyingi za dijitali za mwanzo wa miaka ya 1980 zina ukali wa sauti ambao mkanda mzuri wa 1960 hauna.

Sasa uozo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye CD za klasiki kibaya hakijitembezi hata kidogo, kimetulia rafuni na picha ya kasri kwenye kava. Kuna kundi la CD za bei ya chini kabisa zenye majina kama mwongozaji «Alberto Lizzio» na okestra «Philharmonia Slavonica». Lizzio hakuwepo. Ni jina la kubuni lililohusishwa na Alfred Scholz wa Austria, ambaye kanda alizozipata zilisambazwa kwa lebo chungu nzima chini ya majina ya aina hiyo. Baadhi ya muziki uliomo si mbaya, na hilo ndilo linaloudhi: hujui nani amepiga, na CD mbili zenye majina tofauti huweza kuwa na mkanda mmoja. Dalili zake ni rahisi kuziona. Hakuna mwaka wa kurekodiwa, hakuna mahali, hakuna jina la fundi wa sauti, na vipande vimekatwa vikapangwa kwa «hali», cha asubuhi, cha kulalia. Ukikosa mwaka na mahali pamoja, irudishe.

Wala bei kubwa si kinga. Rekodi zilizouzwa kwa jina la mpiga piano Joyce Hatto zilisifiwa na wahakiki, mpaka Februari 2007 kompyuta ya msikilizaji mmoja ilipoitambua CD yake ya Liszt kuwa ya László Simon. Uchunguzi ukaonesha nyengine nyingi nazo zilikuwa za watu wengine.

Rekodi za kihistoria ni somo peke yake, na lebo za bei nafuu zimelifanyia wema. Bach wa Pablo Casals kwenye chelo, uliorekodiwa 1936 hadi 1939, umetolewa na Naxos kwa bei ya kawaida yake. Chanzo ni santuri za mizunguko 78 kwa dakika, zilezile za zama Siti binti Saad alipokwenda Bombay 1928 kurekodi. Upande mmoja hauzidi dakika nne na kitu, kwa hiyo fundi anaunga pande, na asipokuwa makini utasikia pumzi imekatika katikati ya sentensi ya muziki. Mkwaruzo wa santuri upo, na uachwe uwepo. Anayeusafisha mno huondoa pamoja nao sauti za juu za nyuzi, na chelo inabaki kama inapigwa chini ya blanketi. Ukilinganisha matoleo mawili, chagua lenye mkwaruzo zaidi kama nyuzi zinasikika wazi.

Kuna jambo moja huwatatiza wanafunzi wanaopiga pamoja na CD. Rekodi za Bach na Vivaldi kwa ala za kale kwa kawaida huwa na noti ya A ya hertz 415 badala ya 440, yaani nusu toni chini. Mtu anaitia fidla yake sawasawa, halafu anadhani masikio yamemharibikia. Usilegeze nyuzi, wala usimwambie mpiga kanuni atune upya nyuzi zake zaidi ya sabini. Tia faili kwenye programu ya Audacity, chagua kubadilisha kimo bila kubadilisha mwendo, pandisha nusu toni moja, basi. Ikiwa ni ya kufanyia mazoezi tu, tafuta rekodi ya ala za kisasa tangu mwanzo.

Kuhusu kuzileta visiwani. Usingoje duka, ngoja jamaa anayerudi kutoka London au Maskati, na umrahisishie mzigo. CD yenyewe ina gramu kama 15, lakini kasha la plastiki na vilivyomo hufika karibu gramu 100. Mwambie atoe makasha, abaki na CD na kijitabu ndani ya mifuko laini. Kwa uzito wa kumi zenye makasha ataleta mara tatu yake au zaidi.

Ukiipokea, iangalie. CD iliyochapwa kiwandani ina rangi ya fedha chini. Ikiwa ya kijani au buluu, imechomwa kwenye kompyuta, na rangi hiyo hufa kwa joto na mwanga. Itazame pia dhidi ya taa: vitundu vinavyopitisha mwanga huweza kuwa alumini iliyoliwa. Hudhurungi inayoanzia ukingoni ni ugonjwa wa CD fulani zilizochapwa Uingereza kati ya 1988 na 1993, hauna dawa, ila unaweza kunakili kabla haujafika ndani. Watu huogopa mikwaruzo ya chini, kumbe upande wa juu wenye maandishi ndio dhaifu. Chini kuna plastiki ya zaidi ya milimita moja. Juu kuna rangi na vanishi tu, na chini yake ndipo muziki ulipo. Ikichafuka, maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kisha futa kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe. Mkwaruzo unaokata njia ya muziki inayozunguka CD, mashine huurekebisha. Unaofuata njia hiyo huishinda.

Kisha inakili siku hiyohiyo, kwa sababu chumvi na unyevu wa Mji Mkongwe havina huruma. Programu ya Exact Audio Copy ni ya bure na hulinganisha nakala yako na za wengine. Hifadhi kwa FLAC, faili isiyopoteza sauti, si MP3: CD moja ya klasiki huchukua kama megabaiti 300, kwa hiyo kasha la CD 155 ni gigabaiti 46 au 47, linaingia kwenye flashi ya 64. Hakikisha kifaa chako hakiweki kimya kati ya vipande. Katika simfoni ya 5 ya Beethoven sehemu ya tatu inaingia ya nne bila kusimama, na konseto ya fidla ya Mendelssohn haikatiki tangu mwanzo hadi mwisho. Faili nyingi za flashi za mitaani huharibikia papo hapo: nusu sekunde ya ukimya pale ambapo Mendelssohn alitaka basuni ishikilie noti moja.

Vijitabu navyo viweke mbali na ukuta wa chokaa, ndani ya mfuko unaofungwa, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vipakiti vikilowa, vibadilishe.

Msomaji wenu,
Mkunazini, Unguja