Jibu: Kufungasha oda kunachosha kuliko kuuza dukani?

Mkuu, umeuliza kama kufungasha oda za wateja kunachosha kuliko kusimama kaunta. Mimi nafanya kwenye duka moja la jumla hapa Dodoma, mwaka wa pili sasa. Mzigo wenyewe wala hauna shida. Shida ni kompyuta inasema mafuta ya lita 5 yapo madumu 12, unafika kwenye rafu unakuta vumbi na dumu moja linalovuja. Unampigia mteja wa kule eneo la Mtumba umuulize kama umbadilishie, hapokei. Bodaboda yuko mlangoni anapiga honi. Ukiyaacha, mteja anakuja juu. Ukiweka aina nyingine, anarudisha. Na lawama ni zako, siyo za aliyehesabu stoo kwa macho. Ukiamua kuja, vaa raba nzuri, sakafu ya saruji inaua magoti.