Uliza Bibi Kaunta: Mama ana simu ya kitochi, atapitaje uwanja wa ndege?

*Shikamoo Bibi Kaunta. Mama yetu ana miaka 71, yuko hapa Tanga, kazi yake kusuka mikeka. Mwezi ujao anakwenda London kumkanda dada yangu, anayetarajia kujifungua. Viza imetoka. Anapanda ndege Dar, anabadilisha Dubai. Hajawahi kupanda ndege, Kiingereza hajui, na simu yake ni ya kitochi. Nasikia siku hizi kila kitu ni mashine: unajiandikisha kwa simu, unabandika lebo ya begi mwenyewe, geti linakusoma uso. Kaka anasema tuahirishe mpaka apatikane wa kumsindikiza. Wewe unasemaje?*
*Kitinda mimba, Tanga*

Marahaba mwanangu. Msiahirishe. Mzazi hukandwa ndani ya arobaini, hakandwi mwakani.

Nilikaa kaunta miaka 22, na mingi kati ya hiyo nilirudi nyumbani na vidole vyekundu. Tiketi za zamani zilikuwa na kaboni nyekundu nyuma ya kila karatasi. Ukichana mia kwa siku, jirani anakuuliza harusi ya nani. Kwa mashirika mengi ya dunia zilikoma Juni 1, 2008, ikabaki tiketi ya kielektroniki. Sizililii. Ila enzi zile jina likikosewa herufi moja, abiria alinilalamikia mimi, nami nikamfuata msimamizi, tukalimaliza palepale. Mashine haina msimamizi wa kufuatwa. Kosa nililokuwa nalirekebisha mimi, sasa linarekebishwa na wewe, ukiwa hapo Tanga.

Kwa hiyo leo jioni fungua pasipoti ya mama, ukurasa wa picha. Chini kabisa utaona mistari miwili ya herufi kubwa, kila mmoja alama 44, imejaa vitu kama vichwa vya mishale: <<<. Hapo ndipo mashine inaposoma. Jina la ukoo linatangulia, kisha mishale miwili, kisha majina mengine. Weka tiketi pembeni ulinganishe herufi kwa herufi. Pasipoti ikisema Mwanahamisi na tiketi ikasema Mwanahamis, mpigie wakala kesho asubuhi. Nimeona familia nzima ikilia mlangoni kwa ajili ya hiyo "i".

Kujiandikisha, mfanyie wewe kwa simu yako, kisha nenda steshenari ukachapishe pasi zake za kupandia, ya Dar hadi Dubai na ya Dubai hadi London. Ule mraba wa vidoti husomeka kwenye karatasi vilevile, na karatasi haiishiwi chaji. Hata hivyo kaunta atapita tu, maana begi lazima likabidhiwe na viza lazima itazamwe. Bado kuna binadamu pale, msiogope.

Sasa siri ya kazi. Piga simu kwa shirika, angalau saa 48 kabla ya safari, uombe kiti cha magurudumu. Kwenye mfumo wao wataandika WCHR, yaani abiria huyu ngazi anapanda ila masafa marefu hayawezi. Huduma hailipiwi. Najua mama atang'aka, "Mimi mgonjwa?" Mwambie kwamba Dubai kuna treni ndani ya uwanja wa ndege, ya kutoka jengo hadi jengo, na goti la miaka 71 halina haja ya kuthibitisha kitu pale. Faida kubwa si kiti chenyewe, ni yule anayekisukuma. Anajua foleni ipi, mlango upi, lifti ipi, na Dubai anamfikisha mpaka mlango wa ndege ya pili. Teknolojia zote hizi, na bado sijaona inayomshinda mtu wa kukisukuma kiti.

Dubai hatapita uhamiaji, kwa kuwa haingii nchini. Atakaguliwa begi la mkononi tena, basi. Mafuta ya nazi na asali ya mjukuu viingie begi kubwa. Asali ni ya mama mtu, kichanga hapewi.

Ule usomaji wa uso unaokutisha, London haumhusu. Mageti ya kielektroniki ya Uingereza ni ya wenye pasipoti ya huko, za Umoja wa Ulaya, Marekani, Kanada, Australia, Japani na nchi nyingine chache. Ya Tanzania haimo, ingawa tangu 2018 tunatoa zenye chipu. Kwa hiyo mama atasimama mbele ya afisa, mtu mwenye macho. Mwandikie karatasi ya Kiingereza: anakwenda kwa nani, anwani, namba ya simu ya binti, tarehe ya kurudi.

Jambo moja la vidole. Afisa anaweza kumtaka aviweke kwenye kioo, vilinganishwe na vile alivyotoa wakati wa viza. Msusi wa ukili mistari ya vidole imelika, hilo halina dawa, ila ngozi kavu husomeka vibaya zaidi. Apake losheni kidogo kwenye ndege, afute. Na hina ya kwenda kwa mjukuu iishie viganjani. Vituo vya viza vyenyewe huwaonya watu wasiende na ncha zilizopakwa. Ncha aziache nyeupe mpaka afike, akapakwe huko huko.

*Bibi Kaunta, begi langu halikufika Mombasa. Kifaa nilichoficha ndani kinanionyesha kwenye simu lipo mji tuliobadilishia ndege. Nikawaonyesha, wakaniambia "tunalitafuta." Nifanyeje?*
*Msafiri, Mombasa*

Pole. Ramani yako huenda wasiitumie; wanachofuata ni namba 10 za lebo, ile karatasi waliyokubandikia nyuma ya pasi. Tangu Juni 2018 mashirika wanachama wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, yanatakiwa kuufuatilia mzigo katika hatua 4: unapopokewa, unapopakiwa, unapohamishwa ndege na unaporudishwa kwa mwenyewe. Basi uwaulize hivi: "Lebo hii imesomwa mara ya mwisho wapi, saa ngapi?" Swali hilo halijibiwi kwa "tunalitafuta."

Kama hukuandikisha ripoti ya mzigo kabla ya kutoka ukumbini, rudi leo, na usiondoke bila namba ya jalada. Siku 21 zikipita halijaonekana, kwa Mkataba wa Montreal, ule wa safari za ndege za kimataifa, una haki ya kudai kama lililopotea. Likija limepasuka, una siku 7 za kulalamika kwa maandishi. Picha ya ramani yako itume nayo, hata kama watanuna.