Ukimtafuta askari wa Connaught Rangers, fuata pesa

Nimeoa Galway, na huku karibu kila ukoo una askari wake asiyezungumzwa. Picha yake ipo, kijana mwenye kofia ya jeshi la Mwingereza, lakini inakaa kwenye droo, haitundikwi ukutani. Ukiuliza unajibiwa kwa neno moja: "Ranger." Baba mkwe wangu aliponipa kazi ya kumtafuta kaka wa babu yake, aliyekufa vitani 1916, ndipo nikaingia kwenye ulimwengu huu. Naandika kwa ajili ya wenzangu mliooa au kuolewa huku Ireland, na wenye watoto ambao siku moja watauliza habari za upande wa pili wa ukoo wao.

Kwanza jua unatafuta nini. Connaught Rangers, rejimenti ya Kiayalandi ya jeshi la Uingereza, kwa sura yake ya mwisho iliundwa 1881, rejimenti ya 88 na ya 94 za askari wa miguu zilipounganishwa. Makao yake yalikuwa kambi ya Renmore, hapa hapa Galway. Mkataba wa Desemba 1921 ulipoizaa Dola Huru ya Ireland, Uingereza ilizivunja rejimenti tano za miguu zilizokuwa zikiandikisha watu kusini mwa kisiwa: Connaught Rangers, Royal Dublin Fusiliers, Royal Munster Fusiliers, Leinster Regiment na Royal Irish Regiment. Bendera zao zilikabidhiwa kwa Mfalme George V huko Windsor tarehe 12 Juni 1922, na kufikia mwisho wa Julai zilikuwa zimekwisha. Majina haya yana mtego. Royal Irish Regiment iliyovunjwa siyo Royal Irish Rifles, siyo Royal Irish Fusiliers, na wala siyo Royal Irish Regiment ya leo, ambayo iliundwa 1992. Ukikuta kifupisho cha R.I.R. kwenye karatasi, usikimbilie kushangilia.

Wazee wa huku watakukatisha tamaa mapema: "Usijisumbue, kila kitu kiliungua Four Courts." Ni kweli kwamba tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la nyaraka za taifa pale Dublin lililipuka na karne kadhaa za kumbukumbu zikawa majivu. Lakini mafaili ya jeshi la Uingereza hayakuwa Dublin, yalikuwa London. Bahati mbaya London nayo ilipata moto wake. Septemba 1940 bomu la Wajerumani liliangukia ghala lililohifadhi mafaili ya askari wa Vita vya Kwanza, na takriban asilimia 60 yakapotea. Yaliyosalia, mengine yakiwa na kingo nyeusi kwa moto, yapo Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, chini ya namba WO 363, na picha zake zipo mtandaoni. Anza hapo. Ukilikosa jina la mtu wako usiondoke, kwa sababu hiyo ndiyo hali ya kawaida.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: fuata pesa. Askari wa cheo cha chini hakuandikwa na mtu kwa sababu ya ushujaa wake. Aliandikwa kwa sababu jeshi lilidaiwa kitu, ama mshahara, ama pensheni, ama mirathi. Palipo na deni kuna karani, na palipo na karani kuna jina.

Daftari ninalolipenda kuliko yote ni lile la mirathi ya askari waliokufa, ambalo asili yake inatunzwa na Jumba la Makumbusho ya Jeshi, London, na nakala zake zinasomeka kwenye tovuti za kulipia za nasaba. Kila askari ana mstari wake: jina, namba, tarehe na mahali alipofia, kisha kiasi kilicholipwa na nani alikipokea. Malipo kwa kawaida ni mawili. La kwanza ni salio la mshahara wake. La pili, lililolipwa kuanzia 1919, ni kiinua mgongo cha vita, na hapo ndipo penye utamu, maana kilikokotolewa kwa miezi ya utumishi. Askari wa kawaida aliyepelekwa nje ya nchi alipata pauni 5 kwa miezi 12 ya kwanza, halafu shilingi 10 kwa kila mwezi uliozidi. Mtu wetu alikufa Septemba 1916 na kiinua mgongo chake kilikuwa pauni 9. Toa 5, zinabaki 4, ambazo ni shilingi 80 (pauni moja ilikuwa shilingi 20), yaani miezi 8 ya ziada. Jumla miezi 20. Rudi nyuma kutoka Septemba 1916 na unaangukia Februari 1915. Faili lake liliungua, lakini mwezi aliojiandikisha tunao. Halafu tukaona pesa yenyewe iligawanywa kati ya mama yake na dada aliyekuwa na jina la ukoo mwingine, ndoa ambayo hakuna hata mmoja nyumbani aliyekuwa na habari nayo. Baba mkwe alinyamaza kidogo, kisha akaanza kupiga simu kwa binamu zake.

Baada ya pesa, nishani. Kadi za nishani, WO 372, hazikuungua. Kadi ni ndogo na mwandiko ni wa haraka, lakini kama askari alitoka nje ya nchi kabla ya mwisho wa 1915 utapata tarehe aliyoingia vitani na namba ya uwanja wa vita. 1 ni Ufaransa na Ubelgiji, 2B ni Gallipoli. Ranger mwenye 2B na Agosti 1915 karibu hakika alikuwa batalioni ya 5, iliyokwenda huko na Divisheni ya 10 ya Kiayalandi. Aliyetoka baada ya hapo hana tarehe kwenye kadi, itabidi ukaangalie orodha zenyewe za nishani, WO 329.

Kwa nini naisisitizia batalioni? Kwa sababu rejimenti haikupigana mahali pamoja. Batalioni ya 1 ilitoka India ikaenda Ufaransa 1914, kisha Mesopotamia. Ya 2 ilifika Ufaransa Agosti 1914, ikaumia vibaya, na Desemba mwaka huo huo watu wake wakaingizwa kwenye ya 1. Kwa hiyo mtu aliyeanza Ubelgiji anaweza kuishia kando ya mto Tigris, na siyo makosa ya karani. Ya 6 ilikuwa na Divisheni ya 16 na iliingia kijiji cha Guillemont, Ufaransa, tarehe 3 Septemba 1916, siku ambayo kamanda wake, Luteni Kanali John Lenox-Conyngham, aliuawa. Ukishaijua batalioni, fungua shajara yake ya vita, WO 95. Usitarajie jina la babu humo. Maofisa wanatajwa kwa majina, wengine wote ni idadi. Utapata hali ya hewa, kijiji walicholala, na saa waliyotoka kwenye handaki.

Usidhani pia kwamba kila Ranger alikuwa mtu wa Connacht, jimbo hili la magharibi. Mamia ya vijana Wakatoliki wa Belfast Magharibi waliingia batalioni ya 6, na Thomas Hughes, aliyepata Msalaba wa Victoria kwa siku hiyo ya Guillemont, alikuwa wa Monaghan. Sensa za Ireland za 1901 na 1911 zitakusaidia kumpata nyumbani kwao, ni bure kabisa mtandaoni. Ila kama siku ya sensa alikuwa kambini, fomu ya kambi inaandika herufi za mwanzo tu za majina. Tafuta herufi mbili, umri, na kaunti aliyozaliwa.

Kama mtu wako alitekwa, pita Geneva. Kadi za mateka za Msalaba Mwekundu zipo wazi mtandaoni. Rangers wengi wa batalioni ya 2 walishikwa mwezi ule wa kwanza, na mateka wa Kiayalandi walikusanywa kambi ya Limburg, Ujerumani, ambako Roger Casement, mpigania uhuru wa Ireland, aliwasihi wajiunge na brigedi ya kupigana na Uingereza. Ndiyo, ni Casement yule yule wa ripoti ya 1904 kuhusu ukatili wa Kongo ya Leopold. Waliomkubalia hawakuzidi sana hamsini. Alinyongwa Agosti 1916.

Hapa nina kinyongo kidogo, mnivumilie. Wenzetu wanalalamikia asilimia 60 zilizoungua. Wapagazi wetu waliokufa Afrika Mashariki katika vita hivyo hivyo, wengi wao hawakuandikwa kabisa, na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hivyo yenyewe katika ripoti yake ya 2021. Kwa Ranger deni la mama yake liliandikwa hadi senti.

Sasa, kama askari wako alikuwa India 1920, una bahati. Tarehe 28 Juni mwaka huo, askari wa batalioni ya 1 pale Jullundur, Punjab, waligoma kutumikia kwa sababu ya habari za yale ambayo majeshi ya Uingereza yalikuwa yakiyafanya kwao Ireland. Uasi ukaenea hadi Solan, ambako wawili, Sears na Smythe, walipigwa risasi wakijaribu kuliteka ghala la silaha. James Daly, kiongozi wa waasi wa Solan, aliuawa na kikosi cha risasi kule Dagshai tarehe 2 Novemba 1920, na mabaki ya wote watatu yalirudishwa Ireland 1970. Mwaka 1936 bunge la Ireland lilipitisha sheria ya pensheni kwa ajili ya waasi hao. Unaona tunarudi palepale: pesa. Kila aliyeomba alilazimika kujieleza, alikuwa wapi, alifungwa gereza gani, nani anamjua. Mafaili hayo yanatunzwa na Nyaraka za Jeshi, kambi ya Cathal Brugha, Dublin, na mengi unaweza kuyasoma bure nyumbani kwako. Soma hata ya waliokataliwa, kwani aliyekataliwa huandika barua ndefu zaidi.

Kama unapenda kuona vitu kwa macho, nenda King House pale Boyle, Roscommon. Ilikuwa kambi ya Rangers tangu mwisho wa karne ya 18, na leo kuna maonyesho yao. Nenda na namba ya askari wako imeandikwa kwenye karatasi, siyo jina tu. Akina Patrick Kelly walikuwa wengi mno kwenye rejimenti hii.