Kabla ya kufuga lulu Mikindani, ulizeni chaza wanatoka wapi

Vijana na akina mama wa Mikindani, Naumbu na Msanga Mkuu, huku Mtwara, wananiuliza sana habari za lulu, na swali la kwanza huwa ni bei. Nawaomba tuanze na chaza mwenyewe, mnyama wa baharini anayetengeneza lulu ndani ya gamba lake: mtamtoa wapi?

Njia nyepesi ni kusubiri bamvua, maji yakipwa mkaingia mwambani kuokota chaza wakubwa. Nimefuga chaza misimu kadhaa sasa, na sijaona dhara linalozidi hilo. Chaza mkubwa ndiye mzazi. Dume na jike humwaga mbegu na mayai majini, na wakikaa mbali na wenzao mayai hayarutubishwi. Mkiwapunguza hadi abaki mmoja huku na mwingine kule, mwamba hauzai tena, hata kama hao waliobaki ni wazima. Na ni mwamba huohuo wanakochokoa pweza watu wasio na chombo wala wavu.

Kwa hiyo tegeni wachanga. Sisi hufunga vifuu vya nazi na vipande vya nyavu chakavu kwenye kamba, tukaviacha majini. Mtoto wa chaza huelea wiki mbili tatu, kisha hutafuta pa kushika. Wengi huliwa na kaa, ndiyo, na inachosha kusubiri wakue. Subirini tu. Wakishakomaa mnabandika kiini, yaani kidude kidogo kigumu cha nusu duara, ndani ya gamba, na baada ya takriban mwaka mmoja chaza amekifunika, mnapata lulu ya nusu duara.

Kazi hii ya kubandika mfuga chaza Kokichi Mikimoto aliiweza kule Japani mwaka 1893. Lakini huko huko, kwenye ghuba ya Ago, chaza walikuja kujazwa kupita kiasi: kinyesi chao kikarundikana chini, na kikioza hunyonya hewa iliyomo majini. Chaza halishwi, anachuja chakula chake baharini, na hilo ndilo linalonifanya niupende ufugaji huu. Ila bahari ina kipimo chake. Achieni nafasi pana kati ya kamba na kamba, na chagueni mahali penye mkondo, si kwenye kidimbwi kilichotulia wala juu ya matumbawe.

Msikate boriti za mikoko kwa ajili ya nguzo. Mvua za masika zikishusha tope, mikoko ndiyo inayolizuia lisiwafikie chaza wenu. Mvinje wa kupandwa unatosha kabisa. Magamba yasuguliwe nchi kavu, uchafu usimwagwe palepale shambani. Yatakayobaki baada ya mavuno yapondeni, kuku wanayapenda.

Walioko Msimbati na vijiji vya jirani wako ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo waanzie kwa watu wa hifadhi. Wengine muoneni afisa uvuvi. Na kamba ya plastiki ikikatika, ifuateni siku hiyohiyo kabla haijaviringika kwenye matumbawe au shingoni mwa kasa.